Mnara wa Mbao Juu ya Iveti: Nani Atakaza Nati?

Kaunti ya Machakos haina upungufu wa mahali pa kusimama na kutazama. Milima ya Iveti iko juu ya mji wenyewe. Mua iko magharibi, ikitazamana na nyanda za Athi na Kapiti. Kaskazini kuna Kilimambogo, ambao ramani huuita Ol Donyo Sabuk, mita 2,145 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi isiyo na mawingu, aliye juu yake huona Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti imekuwa ikitafuta vivutio vya wageni, kuanzia bustani ya People's Park kando ya bwawa la Maruba hadi kile kipande cha barabara cha Kyamwilu ambapo watu humwaga maji wakastaajabu kuyaona yakipanda mlima. Kwa hivyo wazo la mnara wa mbao wa kutazamia mandhari, uliojengwa bila kuumiza mazingira, si la ajabu hata kidogo, na siku moja litafika mezani.

Likifika, wakubwa watauliza kwanza mnara utakuwa mrefu kiasi gani, kisha utakuwa na sura gani, kisha utagharimu shilingi ngapi. Mimi ningeanza na swali lingine: nani atapanda kila mwezi na spana kukaza nati? Nitaeleza kwa nini naliona hilo ndilo swali lenyewe, na kwa nini jibu lake ndilo linaloamua urefu, sura na gharama.

Tuanze na mahali. Mnara una maana pale tu ambapo kilima chenyewe kimeshindwa kuonyesha kitu. Mua haimhitaji fundi: ni mashamba na miti ya matunda, na ukingoni mwake nyanda zote ziko wazi mbele yako. Uwanda wa Yatta vilevile. Kilimambogo ni mbuga ya taifa tangu 1967, umevikwa msitu karibu wote isipokuwa sehemu ndogo ya kileleni, na huko tayari kuna milingoti ya mawasiliano. Mlima huo pia una funzo la usafirishaji. Tajiri William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka 1925, alitaka azikwe kileleni. Gari lililobeba jeneza lilishindwa na mteremko, akazikwa njiani. Kaburi lake liko hapo hadi leo, na msanifu yeyote anayechora nguzo ya mita kumi na mbili kwa ajili ya kilele cha Ukambani angefanya vyema kulitembelea kwanza.

Inabaki Iveti. Hapa msitu, ambao sehemu yake kubwa ni miti ya kigeni iliyopandwa, umefunga macho ya mpandaji: unatembea kwenye ubaridi mzuri, unanusa mikaratusi, na huoni mji ulio chini ya miguu yako. Hapa mnara una kazi ya kufanya. Lakini jihadhari. Mkaratusi ulioachwa ukue hupita mita thelathini bila taabu, na hakuna mnara wa mbao wa bei ya kaunti utakaoshinda mbio hizo. Jawabu ni kuuweka mnara ukingoni, pale mgongo wa mlima unapokatika na mteremko kuanza, ili miti iliyo mbele iwe imesimama chini zaidi. Hapo mita kumi na mbili au kumi na tano zinatosha kabisa. Mlima umekwisha kukupa mamia ya mita bure. Mnara unaongeza kimo cha kupita vichaka.

Na kuna nini cha kutazama? Wanaotangaza utalii hupenda kusema mandhari ya asili. Kutoka Iveti, ukigeukia mashariki na kusini, unachokiona ni kazi ya mikono. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiandika Ukambani kama nchi inayokufa: udongo umechukuliwa na maji, ng'ombe ni wengi mno, watu ni wengi mno. Mwaka 1938 serikali ilipoanza kuwanyang'anya Wakamba mifugo kwa jina la kuokoa ardhi, Muindi Mbingu aliongoza maelfu yao hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa mpaka agizo likalegezwa. Miongo iliyofuata, vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vikachimba matuta, hasa yale ya fanya juu, ambayo mkulima huchimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba watu wa Machakos waliongezeka mara tano hivi tangu miaka hiyo ya 1930, na mmomonyoko ukapungua badala ya kuongezeka. Kitabu hicho kimesomwa na wanafunzi wa maendeleo duniani kote. Matuta yenyewe hayana hata benchi la kuyatazamia. Ningependa jukwaa kuu la mnara lielekee huko, na Kilimanjaro ibaki nyongeza kwa siku ya bahati.

Sasa mbao. Watetezi wake wana ushahidi mzito. Kule Gliwice, Poland, kuna mnara wa redio wa mwaka 1935 uliojengwa kwa mbao za larchi, mti wa jamii ya misonobari wa nchi za baridi. Una zaidi ya mita mia moja na vipande vyake vimeshikwa kwa bolti za shaba, na bado umesimama. Kule Pyramidenkogel, Austria, mnara wa zege ulibomolewa na mahali pake mwaka 2013 ukafunguliwa wa mbao wenye kimo cha mita mia moja. Afrika Mashariki hatuna kitu cha namna hiyo. Njia ya juu ya miti ya Nyungwe, Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2010, ni ya chuma, na ile ya Ziwa Manyara nchini Tanzania imening'inizwa. Kitu chetu cha mbao kilichowahi kuvuma ni Treetops ya Nyeri, kibanda kilichojengwa mwaka 1932 juu ya mti wa mugumo ili wageni watazame wanyama usiku. Kilichomwa moto mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, kikajengwa upya mwaka 1957 kikiwa kikubwa zaidi. Kwa miaka mingi ndovu walivutwa hapo na maji na chumvi, wakala na kuvunja msitu uliozunguka hadi pakabaki uwazi. Mnara wa kutazamia unaweza kukila kile ulichojengwa kukitazama.

Hoja ya hewa ukaa huletwa haraka mno katika mijadala hii. Ni kweli kwamba karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni iliyotolewa hewani, na mita moja ya ujazo ya mbao nyepesi imehifadhi karibu tani moja ya hewa ukaa. Mnara wetu mdogo ungetumia labda mita kumi hadi kumi na tano za ujazo. Ni kitu, lakini hakiokoi dunia. Zaidi ya hayo, Machakos ndiyo kaunti ya saruji na chuma: viwanda vya Mavoko, pale Athi River, viko umbali wa chini ya kilomita hamsini kwa barabara. Mbao za kupandwa za Kenya, kwa upande wake, zilikuwa adimu tangu serikali ilipozuia ukataji katika misitu yake Februari 2018 hadi rais alipotangaza kuondoa zuio hilo mwezi Julai 2023. Muda wote huo, malori ya mbao yalikuwa yakiingia kutoka Tanzania. Mbao iliyosafirishwa kutoka Mafinga, Tanzania, mpaka Iveti imekwisha kula sehemu ya sifa yake njiani. Kama hoja ni kaboni pekee, mhandisi wa chuma atakujibu na huenda akakushinda.

Hoja inayonishawishi mimi ni nyingine. Mbao inaweza kukatwa, kubebwa, kutengenezwa na kubadilishwa na watu wanaoishi chini ya mlima huo. Nguzo ya mkaratusi yenye urefu wa mita nne na kipenyo cha sentimita ishirini ina uzito wa karibu kilo mia moja ikiwa kavu. Wanaume wanne huibeba begani kwenye njia ya miguu. Haihitaji kreni, wala barabara mpya ya lori inayokata msitu na kuacha makovu ambayo mvua ya Novemba itayageuza makorongo. Katika nchi iliyohangaika miaka sitini kuzuia udongo usikimbie, hilo la barabara lina uzito kuliko hesabu yoyote ya kaboni.

Mti gani, basi? Hapa Ukambani ina utajiri ambao wengi hawaujui. Mukau ni mti wa nyika kavu za mashariki mwa Kenya. Mbao yake huzungumzwa pamoja na mkangazi kwa uzuri wa kufanyia kazi, na kiini chake mchwa hawakipendi. Hukomaa kwa miaka kumi hadi kumi na tano hivi. Mbegu yake ni ngumu kuotesha, imefungiwa ndani ya kokwa kavu, na wazee walikuwa wakiokota kokwa zilizopitia tumboni mwa mbuzi. Tangu 2012 Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ikisaidiwa na JICA ya Japani, imekuwa ikichagua miti bora na kuanzisha mashamba ya mbegu huko Kitui na Kibwezi. Kasoro ya mukau ni shina. Usipopogolewa mapema hutanda matawi chini chini, na ni shida kupata gogo lililonyooka zaidi ya mita tatu au nne.

Mbunifu mwenye akili huiona kasoro hiyo kama kipimo. Ghorofa za mnara ziwe za mita tatu, ili kipande chochote cha mukau kisizidi urefu ambao mti wenyewe hutoa. Nguzo kuu ziwe za mkaratusi mviringo, usiopasuliwa. Gogo zima lina nguvu kuliko mbao iliyochanwa kutoka gogo hilohilo, kwa kuwa nyuzi zake hazijakatwa. Mkaratusi mbichi ni mkaidi: hujipinda na kupasuka ncha, kwa hiyo ukaushwe kivulini miezi kadhaa, umepigiliwa vibati vya meno kwenye ncha. Wachongaji wa Wamunyu hawahitaji kuambiwa hilo. Tangu Mutisya Munge aliporudi na ufundi wa kuchonga kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kijiji kizima kimejua kinachompata anayechonga mti mbichi na kuuanika juani. (Naomba tu mnara usigeuzwe duka la vinyago. Ustadi wa Wamunyu uingie kwenye viungo.)

Dawa ya mbao ina utata wake. Nguzo za umeme za Kenya hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Inafanya kazi, lakini aseniki ni sumu, na Ulaya na Marekani zimeizuia dawa hiyo kwenye mbao nyingi za nyumbani na viwanja vya watoto tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kipande kilichobaki kikitupwa, mtu atakiokota kuwa kuni na kupika nacho. Ningeikubali kwenye nguzo kuu peke yake, na masalio yahesabiwe na kurudishwa kiwandani. Kila kitu kinachoguswa na mkono, yaani ngazi, sakafu na vishikio, kiwe kiini cha mukau bila dawa yoyote.

Twende chini kabisa, kwenye mguu wa nguzo, kwa sababu hapo ndipo minara hufia. Pita kwenye shamba lolote la Machakos utikise kigingi cha ua cha miaka mitatu. Juu kinaonekana kizima, kijivu, kigumu. Futa udongo shinani: utaona vichirizi vya udongo mwembamba vimepanda juu ya ganda, na ndani, kati ya ardhi na urefu wa kiganja, hakuna mti, kuna udongo uliojazwa mahali pa mti. Mchwa hutembea gizani na kwenye unyevu. Kwa kuwa hewa ya Machakos ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, kuvu wanaoozesha mbao hawapati nafasi. Wao huhitaji mbao yenye unyevu wa asilimia ishirini hivi, na mbao iliyo hewani hapa hukaa chini ya hapo, isipokuwa pale ambapo maji yametuama au ukungu wa Julai umekaa kivulini kwa wiki. Kwa hivyo adui wa kwanza ni mchwa, na dawa ya kwanza dhidi yake ni kumlazimisha atoke nje aonekane.

Maana yake ni hii. Nguzo isiguse ardhi kabisa. Ikalie kiatu cha chuma kilichochovywa zinki, juu ya kizingiti cha zege kinachosimama nusu mita kutoka chini, na kati ya ncha ya nguzo na kiatu pawe na nafasi ya kupitisha hewa na tundu la kutoa maji. Mchwa akitaka kupanda atalazimika kujenga kichirizi chake juu ya zege tupu, mbele ya macho ya watu, na mwenye ufagio atakiangusha kwa sekunde mbili. Hiyo ndiyo teknolojia yote. Lakini mwenye ufagio lazima awepo.

Viungo navyo vina tabia zao. Mbao hunywea kiangazi na kuvimba masika. Bolti iliyokazwa Novemba hulegea Februari, na kiungo kilicholegea huruhusu mnara uyumbe kidogo zaidi, na kila myumbo huongeza tundu. Juu ya jukwaa mtu huhisi myumbo huo mapema kuliko mhandisi. Ndiyo maana kila bolti lazima ifikike kwa mkono na spana, na kila kipande kiweze kutolewa na kurudishwa bila kubomoa jirani yake. Nati zifungwe kwa namna ambayo mwizi atachoka. Januari 2022 milingoti ya umeme ya njia ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, nchi ikaingia gizani, na baada ya siku chache serikali ikasimamisha biashara ya vyuma chakavu. Waliotunga sera wakati ule walijua vizuri kwa nini: nati iliyoibwa huuzwa kama chuma chakavu.

Kuhusu uzito, watu huogopa upepo, nao una haki yake. Upepo wa mita thelathini kwa sekunde, katika hewa nyepesi ya Iveti, husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya karibu kilo arobaini na tano, na mnara uliopigwa ubavuni huinuka mguu mmoja huku ukikandamiza mwingine. Kwa hivyo misingi ishikilie chini kama inavyobeba. Lakini mzigo mkubwa ni watoto wa shule. Jukwaa la mita nne kwa nne hupigiwa hesabu ya nusu tani kwa kila mita ya mraba, yaani tani nane, kwa sababu siku basi mbili zitakapofika, hakuna mwalimu atakayewazuia wote wasipande pamoja wakaegemea upande mmoja kuuona uwanja wa Machakos. Uwiano wa mnara uanze hapo. Nafasi kati ya fito za kishikio isizidi sentimita kumi, kichwa cha mtoto kisipite. Kinga ya radi iwepo. Vilele vya Iveti havikosi kupigwa. Ghorofa ya chini iwe na mteremko wa kiti cha magurudumu, hata kama juu haiwezekani.

Moto ni suala la nyasi zaidi kuliko mbao. Gogo nene huungua nje na kujifunika kwa makaa, likaendelea kubeba kwa muda; kinachouangusha mnara ni moto wa Septemba ulioachwa ufike kwenye ngazi. Mita kumi za ardhi iliyofyekwa kuuzunguka zinatosha, mradi zifyekwe kila mwaka.

Sheria nitaipitia haraka, kwa kuwa haina siri: tathmini ya athari kwa mazingira kwa NEMA (mamlaka ya mazingira), idhini ya Huduma ya Misitu, mkandarasi aliyesajiliwa na NCA (mamlaka ya ujenzi), na makubaliano na chama cha jamii cha msitu chini ya Sheria ya Misitu ya 2016. Hilo la mwisho ndilo la maana. Jamii ikipewa sehemu ya kiingilio na kazi ya utunzaji, mnara utakuwa na macho. Ukibaki mali ya ofisi ya mjini, utakuwa na utepe wa kukatwa siku moja.

Hukumu yangu, basi. Machakos inaweza kujenga mnara wa mbao, na unaweza kuwa mzuri kuliko vyote vya kanda hii. Uwe wa mita kumi na tano, ukingoni mwa Iveti, wa vipande ambavyo watu wanne wanaweza kubeba, ukitazama matuta. Siku msingi utakapochimbwa, ekari mbili za mukau zipandwe na kupogolewa ipasavyo, maana miaka kumi na tano baadaye ngazi za kwanza zitahitaji kubadilishwa na miti hiyo itakuwa tayari. Na katika bajeti, kabla ya ada ya msanifu, uandikwe mshahara wa mtu mmoja mwenye spana, ufagio na daftari. Kaunti isiyoweza kumlipa mtu huyo kila mwezi ijenge benchi ukingoni, iachane na mnara.